Shangazi, mume wangu ameoa ng'ombe

Hujambo Shangazi? Nina miaka 53, mama wa watoto watatu, na ninaishi Kahawa West. Mume wangu ni mkulima Kinangop, na tangu tuoane hajawahi kufanya kazi nyingine. Mwaka wa 2011 tulikubaliana nije Nairobi ili watoto wapate shule nzuri, naye angefuata baadaye. Mpaka leo hajafuata. Akija hulala usiku mmoja kisha huyoo, eti ng'ombe. Krismasi iliyopita alituacha mezani akisema kuna mmoja anakaribia kuzaa. Hata mahafali ya binti yetu hakuja kwa sababu mvua ilikuwa imeanza. Nikimpigia simu asubuhi inapokelewa na mwanamke, eti ni wa kumsaidia kazi. Nimemwambia tuuze ekari nne kati ya sita tununue nyumba huku. Kijana wangu wa kwanza ana rafiki anayeuza nyumba nzuri za ghorofa Ruiru. Amekataa katakata na sasa hatuongei. Si mchoyo, maana viazi anavyotuma huwa vingi hata nawauzia majirani, lakini mimi nataka mume, si viazi. Nifanye nini?

Mke wa mkulima, Kahawa West

Pole kwa upweke, mwanangu. Kula peke yako jioni baada ya kulea watatu si jambo dogo, na hilo silibishi. Sasa tuzungumze.

Barua yako nimeisoma polepole, na kilichonishika si ng'ombe wala huyo mwanamke wa simu. Ni ule mstari wa rafiki ya kijana wako anayeuza nyumba. Umeupitisha katikati ya barua kama mtu anayepitisha chupa getini chini ya koti. Nitaurudia.

Kwanza hayo makubaliano ya 2011. Ulikuja Nairobi kwa ajili ya shule. Binti amefuzu, na kijana ni mkubwa kiasi cha kuwa na marafiki wa kuuza nyumba. Shule imekwisha, mama, na wewe bado uko Kahawa West. Kati yenu wawili ni nani amekaa nje ya makubaliano? Unasema naye aliahidi kufuata. Siamini sana. Nimewajua wakulima. Akiambiwa na mkewe "utakuja baadaye," hunyamaza, anaokota jembe lake na kwenda. Nina shaka wewe ulikihesabu kimya hicho kuwa ndiyo.

Umeandika pia kwamba "hajawahi kufanya kazi nyingine." Nyingine ipi? Daktari aliyetibu maisha yake yote hatuambiwi hajawahi kufanya kazi nyingine. Nimesikia aibu ndani ya maneno hayo. Sijui wenzako wa chama umewaambia mumeo hufanya nini, lakini ningeweka pesa kwamba neno mkulima halikutajwa. Umesema "biashara."

Umeishi Kinangop, kwa hivyo unajua ninachotaka kusema, ila umejisahaulisha. Saa kumi na nusu alfajiri, baridi inashuka kutoka Aberdare, mtu anavaa gambuti zilizolala nje ya mlango na kuwasha moto apate maji. Maji hayo si ya kuoga, ni ya kuosha kiwele. Anakipangusa kwa kitambaa, anapaka mafuta chuchu, halafu maziwa ya kwanza kwanza anayakamia kando ayaangalie. Yakiwa na mabonge, ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, na maziwa hayo yakichanganywa na mengine mtungi mzima unarudishwa. Akimaliza mmoja anahamia wa pili. Kabla jua halijachomoza mtungi uwe barabarani, maana mwenye pikipiki hangoji mtu. Alasiri anaanza upya. Ng'ombe hajui Jumapili wala Krismasi.

Na yule aliyekuwa akikaribia kuzaa umemtaja kwa dharau, eti. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa, sawa na wewe, na siku yake hapangiwi na mtu. Tena ng'ombe wa maziwa mengi akishazaa anaweza kuishiwa na kalsiamu mwilini, akaanguka, akashindwa kuinuka. Daktari wa mifugo asipofika mapema kumtia dawa kwenye mshipa, kufika asubuhi mnachuna ngozi. Mumeo angekaa mezani kwako akila pilau huku anajua hivyo? Angekaa, ungemwona ametulia kumbe hayupo.

Viazi navyo usivitaje kwa wepisi hivyo. Shangi, aina ya viazi ambayo ndiyo wengi wa Nyandarua wanapanda, hukomaa kwa miezi mitatu hivi, na ikishachimbwa haikai sana, inachipua. Huwezi kuifungia stoo ukangoja bei ya Marikiti ipande. Ikinyesha mfululizo ukungu unaingia, na usiponyunyizia dawa kwa wakati, shamba lote linakuwa jeusi ndani ya siku chache. Ukinusurika hapo, anakuja dalali. Kanuni za 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Dalali anakuja na lake, analishonea kilemba juu, analijaza mpaka linapita kilo mia, kisha analipa bei ya gunia moja. Katika hali hiyo mumeo amesomesha watoto watatu Nairobi. Wewe mwenyewe hukuandika popote kwamba kuna muhula walirudishwa nyumbani kwa karo. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Halafu umejifunga mwenyewe. Unawauzia majirani viazi anavyotuma. Sawa, hakuna ubaya, chakula kisioze. Pesa zake je, huwa zinakwenda wapi? Barua nzima imejaa anachokosa kukufanyia, na sijaona mahali ulipomnunulia hata mfuko mmoja wa mbolea.

Huyo mwanamke wa simu tusimpe ukurasa mzima. Saa hizo unazopiga, mikono ya mumeo iko kwenye kiwele. Nani aishike simu? Mwanamume mwenye la kuficha hamwachii simu huyo anayemficha, huiweka mfukoni na kuizima. Lakini kama moyo wako haujatulia, basi fimbo ya mbali haiui nyoka. Ulitoka nyumbani 2011, na kazi ulizokuwa ukifanya hazikuondoka nawe. Kuna mtu lazima azifanye, na pengine huyo mama analipwa kwa siku na ana wanawe wa kulisha.

Sasa mstari wangu. Ekari nne kati ya sita. Ukishazitoa hizo, ng'ombe watalishwa wapi? Nepia itamea juu ya paa la ghorofa ya Ruiru? Huko si kuuza sehemu ya shamba, ni kumwachisha mtu kazi akiwa bado ana nguvu zake, kisha umlete mjini akae kwenye kochi akitazama taarifa ya habari mpaka afe. Nimeona wazee waliohamishwa hivyo na watoto wao. Wanaamka saa kumi na nusu ileile, wanakaa kitandani na mikono mapajani kwa sababu hakuna pa kuipeleka.

Na hiyo nyumba umeiona kwa macho, au umeona picha kwenye simu ya kijana? Kuna nyumba Kiambu na Nairobi zinazouzwa zikiwa bado michoro, na kuna watu wanalilia pesa zao. Jiulize pia nani atakayeishi humo. Wewe una mahali pa kukaa. Mimi nadhani huyo kijana wako anataka sehemu yake ya urithi baba akiwa hai, na amekutanguliza wewe uombe kwa jina la ndoa.

Jua na hili. Mashamba mengi ya Kinangop yalitokana na skimu za makazi za miaka ya sitini, walowezi walipouza na wazee wetu wakagawiwa vipande kwa mkopo. Kama hilo la mumeo lilitoka kwa babake, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 haihesabu urithi moja kwa moja kuwa mali ya ndoa, ingawa jasho ulilomwaga hapo lina haki yake. Sheria hiyohiyo inasema mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenzio. Tena ardhi ya kilimo lazima ipite kwa bodi ya ardhi, na naibu kamishna wa kaunti akiwa kwenye kiti huuliza mke yuko wapi na familia inasemaje. Mambo hayo huwakinga akina mama wa mashambani wasije wakaamka wakakuta wameuziwa boma. Wewe una ngao mkononi na unataka kuibadilisha kwa karatasi ya rafiki ya kijana.

Siku hizi nasikia wasichana wakisema wanataka mwanamume mwenye shamba. Ukisikiliza vizuri utagundua wanachotaka ni hatimiliki. Matope hawayataki, harufu ya zizi hawaitaki, na ile habari ya kuoa au kuolewa katika kazi ya mtu, ukailala na kuiamkia, wanaiona ya zamani. Vijana wa kiume nao ni walewale, anaoa mwalimu halafu analalamika kwamba mke husahihisha madaftari usiku. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi, na hapa Nairobi sisi ni walaji wa kweli. Maziwa ya chai yanatoka kwao, kabichi inatoka kwao, na hata sehemu ya maji ya mifereji yetu inateremka kutoka bwawa la Sasumua, hapo Njabini, kwenye mlima huohuo wanaolimia. Halafu mkulima mwenyewe akitokea mjini na kucha zenye udongo tunamtafutia kona ya kukaa. Ndoa nyingi ninazoandikiwa zimevunjika kwa sababu hiyo, mtu anapenda mapato ya mwenzake na kuona haya kazi iliyoyaleta. Nimetoka nje kidogo, turudi.

Mgala muue na haki yake mpe. Mahafali ya binti, hapo mumeo alikosea. Mvua ikianza ni kweli kila siku ya kupanda ina thamani, lakini binti hufuzu mara moja, na jirani angeweza kusimamia vibarua tangu asubuhi mpaka jioni. Mwambie hilo. Umwambie umeumia, bila kumtajia ghorofa katika sentensi hiyohiyo, maana ukiyachanganya atasikia ghorofa tu. Na atafute kijana wa kuaminika afundishwe kukama, ili baba mwenye nyumba aweze kulala nje ya boma siku mbili bila hofu. Hilo ni dai la haki na mke ana ruhusa ya kulisukuma.

Wewe nawe urudi nyumbani. Sisemi uhame kesho. Nenda ukakae mwezi mzima, si zile ziara za kwenda Jumamosi na kiatu cheupe na kurudi Jumapili. Chukua gari Nyamakima, upite Flyover, baridi ikuume mashavu upate kukumbuka ulikotoka. Usimpigie kwanza kumtegea. Mwambie unakuja. Ukifika usianze kukagua huyo mama anavyovaa. Amka naye alfajiri, mshikie taa, uliza ni ng'ombe yupi alizaa Krismasi na kama ndama ni mtamba au dume. Mtu asiyeongea na mkewe mezani huongea vizuri sana zizini. Na hesabu ya viazi vya majirani uwe nayo, shilingi kwa shilingi, umwekee mkononi.

Baada ya mwezi ukiona huwezi kuishi Kinangop tena, hilo nalo ni jibu. Mnaweza kupanga siku zako za huku na siku za kule, watu wazima wenye watoto waliokomaa hupanga hivyo na ndoa ikasimama. Lakini habari ya ekari nne izungumzwe hapo shambani, mume akiwepo, hatimiliki ikiwa mezani, na kijana wako asiwe kwenye simu akikuelekeza la kusema. Akitaka kuchangia aje mwenyewe. Gari za Kinangop hazijamfungia mlango, na vibarua wa kupalilia hawatoshi.