Barbados na watoto na bibi: kisiwa kimoja kinatosha

Mama Nuru, swali lako nimelisoma mara mbili. Mko sita: wewe na baba watoto, watoto wa miaka 4, 9 na 13, na mama mkwe. Mnatoka Uingereza, mna siku kumi za likizo ya Pasaka, na shemeji anataka mpite visiwa vitatu vya Karibi, Barbados, St. Lucia na Antigua, ili nauli isiende bure. Wewe unataka pwani na matembezi machache ya siku moja. Sisi tulikwenda Barbados Pasaka na watoto watatu na mama yangu mzazi, ambaye magoti yake hayataki ngazi. Nitakueleza tuliyoyapitia, yakiwemo mawili ambayo nisingependa yawapate.

Kwanza mwambie shemeji visiwa vile kwenye ramani vinadanganya. Ukivitazama utadhani unavuka kama Dar na Unguja, unakata tiketi ya boti asubuhi na mchana uko ng'ambo. Sivyo. Kutoka Barbados hadi St. Lucia ni zaidi ya kilomita 150 za bahari kuu, na boti ya kila siku ya abiria hakuna. Unaruka kwa ndege. Kila kuhama ni kufunga mabegi ya watu sita, kuwahi uwanja wa ndege, foleni ya uhamiaji, kutafuta gari, kungoja chumba. Siku imekwisha na mtoto wa miaka 4 amelia tangu asubuhi. Kaeni kisiwa kimoja. Barbados yenyewe ina urefu wa kilomita 34 na upana wa 23, haifiki hata nusu ya Pemba, lakini siku kumi hatukuimaliza.

Sasa jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mimi kabla sijalipa: chagueni bahari kabla ya kuchagua nyumba. Sisi wa pwani tunadhani bahari tunaijua. Mimi nimezaliwa Tanga, nimekua nikisikiliza maji kujaa na kupwa, najua bamvua na maji mafu. Barbados maji hayaendi popote. Tofauti ya kujaa na kupwa haizidi sana mita moja, kwa hiyo hakuna saa ya kungoja, unaoga wakati wowote. Kinachobadilika ni upande. Magharibi ni bahari ya Karibi, tulivu, kuna asubuhi imelala kama maji ya beseni. Mashariki ni Atlantiki, na upepo unakuja moja kwa moja bila kisiwa cha kuukinga. Kusini ni katikati ya hayo mawili, mawimbi ya kuchezea mtoto wa miaka 13, lakini wa miaka 4 lazima ashikwe mkono.

Sisi tulipanga kusini, karibu na ufuko wa Accra, ambao wengine huuita Rockley. Sikujuta, kwa sababu kuna njia ya mbao kando ya bahari ambapo mama alitembea kila jioni bila kupanda hata kidato kimoja. Lakini nikirudi na mtoto mdogo kama wako ningekaa magharibi, kati ya mji mkuu Bridgetown na Holetown. Fukwe zote za Barbados ni za umma, hata zile zilizo mbele ya hoteli za matajiri, kwa hiyo msilipie hoteli ya gharama kwa ajili ya mchanga. Kodini nyumba yenye jiko ng'ambo ya barabara. Vyakula vingi vinaagizwa kutoka nje na bei zake zitakushtua. Kupika kifungua kinywa na chakula cha jioni nyumbani ndiko kulikotulipia matembezi.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Siku ya tatu niliamua twende Bathsheba, pwani ya mashariki, kwa sababu picha zake ni nzuri kuliko zote: miamba mikubwa imesimama majini kama imetupwa na mtu. Niliwaambia watoto wavae nguo za kuogelea tangu nyumbani. Tulipofika, bahari inanguruma, mkondo unavuta hata ukisimama maji ya magotini. Pale ni pa watu wa kuteleza juu ya mawimbi waliobobea, si pa kuogelea. Wangu wa miaka 8 alilia nusu saa nzima. Nendeni Bathsheba, ni pazuri sana, lakini waambieni watoto mapema kwamba tunakwenda kutazama. Wakitaka maji upande ule, wapelekeni Bath, kusini zaidi, ambako mwamba unavunja mawimbi na kuna miti ya kivuli na nafasi ya kuwekea chakula. Wenyeji ndiko wanakopeleka familia zao.

Upande huo pia mnaweza kukuta mwani. Si ule wanaoulima akina mama wa Paje. Huu ni wa kahawia, unaelea kutoka Atlantiki na kutupwa ufukweni kwa malundo, na ukioza unanuka kama yai viza. Huanza kuja miezi kama hiyo yenu na kuzidi katikati ya mwaka. Pwani ya magharibi huupata kidogo. Kabla ya kulipa nyumba ya mashariki au kusini-mashariki, muulize mwenye nyumba akutumie picha ya wiki hiyo.

Kosa la pili nalieleza kirefu kwa sababu liliumiza mtu. Fukwe za magharibi zina mti uitwao manchineel. Ni mti mzuri, majani yanang'aa, kivuli kizito, na matunda madogo ya kijani kama tufaha yanayonukia vizuri. Kila kitu chake ni sumu. Utomvu wake unaunguza ngozi, na mvua ikinyesha matone yanayopita kwenye majani yanaunguza vilevile. Siku ile karibu na Holetown mvua ilishuka ghafla, na sisi tukafanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angefanya: tukakimbilia chini ya mti. Mama mmoja aliyekuwa akiuza nazi alitupigia kelele, tukatoka, lakini binti yangu mkubwa alikuwa ameshalowa bega na shingo. Jioni ngozi ilikuwa nyekundu, asubuhi ina malengelenge. Tulimwosha kwa sabuni na maji mengi, mfamasia akampa dawa ya kupaka, akapona baada ya siku nne. Kama angelila lile tunda, nisingekuwa naandika kwa utulivu huu. Mingi imepakwa duara jekundu kwenye shina au ina kibao, ila si yote. Mwenye nyumba hakutuambia kitu. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa waonyesheni watoto wote watatu mti huo, na mama mkwe pia, maana bibi ndiye atakayekuwa amekaa kivulini. Tunda la ufukweni haliokotwi. Mvua ikinyesha, tokeni mtini, loweni tu.

Matembezi tuliyapanga hivi: siku moja tunatoka, siku inayofuata hatuendi popote. Tukitoka, ni saa 2 asubuhi, na saa 8 mchana tumerudi. Mtoto mdogo analala, bibi ananyoosha miguu, na bado kuna bahari ya alasiri. Jua linazama saa 12 na dakika chache kama nyumbani, giza linaingia mara moja, wala msitegemee zile jioni ndefu za Uingereza.

Lililowafurahisha wote ni Harrison's Cave, katikati ya kisiwa. Mimi mtoto wa Amboni nilijiona nimeshayaona mapango. Lakini kule unaingia umekaa kwenye kigari kinachoteremka mpaka chini kabisa, maji yanatiririka pembeni, mawe ya chokaa yanadondoka matone. Mama yangu, ambaye Amboni asingeweza kuinama kwenye vile vichochoro, aliona kila kitu bila kushuka. Wekeni nafasi kabla, hasa siku ambazo meli za watalii zimetia nanga. Kaskazini kuna hifadhi ya wanyama ambapo tumbili wanatembea huru. Waliletwa kutoka Afrika Magharibi miaka ipatayo 350 iliyopita. Mama aliwatazama akasema, "Hawa si ndio wezi wa mahindi?" Na kweli, wakulima wa kule nao wanawalalamikia.

Kasa mtawaona Carlisle Bay, mjini Bridgetown penyewe, msilipie safari ndefu ya boti. Tulikodi boti ndogo hapohapo ufukweni, watoto wakavaa majaketi ya kuokolea na miwani, wakawaona kasa na meli zilizozama. Hakikisheni mwenye boti ana jaketi la saizi ya mtoto wa miaka 4. Wa kwanza tuliyemwendea alituletea la mtu mzima akasema atalikaza kamba, tukamshukuru tukaondoka. Kasa haguswi wala halishwi. Mkiamka alfajiri, ufuko wa Pebbles hapo jirani huletwa farasi wa mbio kuogeshwa baharini. Ni bure, na hadi leo mwanangu anachora farasi wenye maji shingoni.

Mwenye miaka 13 mpeni siku yake Bridgetown. Jumba la makumbusho liko ndani ya gereza la zamani la jeshi la Waingereza, na mji pamoja na Garrison, eneo la kambi ya zamani ya jeshi hilo, uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Kwenye mzunguko wa barabara wa Haggatt Hall kuna sanamu ya mtu aliyevunja minyororo. Rasmi ni sanamu ya ukombozi, lakini wananchi wanamwita Bussa, kwa jina la kiongozi wa uasi wa watumwa wa 1816. Binti yangu aliniuliza pale maswali ambayo sikuwa nimejiandaa nayo, tukakaa Queen's Park chini ya mbuyu. Ndiyo, mbuyu hasa, mnene, inaelezwa mbegu yake ilitoka Afrika karne ya 18. Mama aliushika kwa viganja viwili, akanyamaza kwa muda mrefu.

Chakula. Ijumaa jioni nendeni Oistins, wanakochoma samaki kando ya soko. Fikeni saa 12, kabla watu hawajajaa na muziki haujazidi. Kuna nduaro, kuna samaki panzi, yule anayeruka juu ya maji, na kuna samaki wameandikwa "dolphin". Watoto wangu waligoma kula wakidhani ni pomboo. Ni fulusi, muagizeni bila wasiwasi. Mlo wa taifa ni panzi na cou-cou, yaani unga wa mahindi uliosongwa na bamia kwa mwiko bapa. Mama yangu alionja, akasema ni ugali ambao mpishi wake ameokoa muda. Shelisheli wanachoma kama sisi, ukwaju upo. Kama mnakula halali, msikiti upo Bridgetown, Waislamu wengi wa kule wana asili ya Gujarati, na samaki atawatosheleza siku nyingi. Jihadharini na pudding and souse inayouzwa Jumamosi, ni nguruwe.

Usafiri ni rahisi kwenu. Wanaendesha kushoto, ingawa barabara za ndani ni nyembamba na miwa inaziba kona. Kodini gari kwa siku za matembezi tu. Namba za magari ya kukodi huanza na H, na wenyeji wakiiona watakuvumilia. Siku nyingine pandeni basi, tulilipa dola 3.50 za Barbados kwa mtu, na dola mbili za kule ni sawa na moja ya Marekani tangu 1975. Vituo vimeandikwa kwa Kiingereza "kwenda mjini" au "kutoka mjini", hayo tu. Vigari vyeupe vyenye mstari wa damu ya mzee, vinaitwa ZR, ni daladala halisi, muziki na kubanana. Kijana wako atavipenda, mama mkwe msimpandishe.

Kwenye mabegi angalieni nguo za mabakamabaka ya kijeshi, hata kaptula ya mtoto. Kule ni kosa la jinai kwa raia kuzivaa. Chukueni uzi imara na karatasi pia. Pasaka Barbados ni msimu wa tiara, anga la Garrison linajaa, na watoto wenu hawatataka kukaa watazamaji.

Kabla hamjalipa tiketi, zitazameni pasipoti moja moja. Ndege ya moja kwa moja kutoka London huchukua muda wa saa nane au tisa hivi, na hiyo ndiyo ya kukata hata ikizidi bei kidogo. Zile za bei nafuu zinazopitia Miami au New York zinamtaka mwenye pasipoti ya Tanzania awe na viza ya Marekani hata kama anabadilisha ndege tu. Mwenye pasipoti hiyo ahakikishe pia kwamba kibali chake cha ukaazi wa Uingereza cha mtandaoni kinasoma namba ya pasipoti anayosafiria, maana wakati wa kurudi shirika la ndege litakikagua kabla ya kumpandisha. Hukusema mama mkwe anasafiri na pasipoti gani. Niandikie hapa, nikuambie sisi tulifanyaje kwa mama.