Jibu: Hofu ya mvua tangu mafuriko ya Rufiji

Ndugu yangu, umeuliza ufanye nini, kwa kuwa tangu mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 hupati usingizi kila mvua inapoanza kunyesha. Hofu hiyo si udhaifu, maana uliyaona maji kwa macho yako. Nakusihi usiibebe peke yako: keti na majirani waliopatwa na yale yale, kila mmoja aeleze kinachomtisha bila kukatizwa, kisha mkubaliane nani atawapigia simu wazee mto ukianza kufurika. Nchini Zimbabwe, kuanzia 2006, mabibi waliofunzwa huketi kwenye benchi na kumsikiliza mtu aliyelemewa na mawazo, na utafiti uliofanyika Harare ulionyesha kuwa wengi hupata nafuu. Usingizi ukiendelea kupotea kwa wiki kadhaa, tafadhali nenda kituo cha afya.