Tangawizi na mimba yako

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama unaweza kunywa tangawizi kwa hicho kichefuchefu cha asubuhi, maana jirani yako huko Dar kakutisha kuwa inaharibu mimba.

Kunywa, mama, ila kidogo. Huku kwetu Pemba tangawizi ya mjamzito na ya mzazi aliyejifungua si moja. Ya mjamzito ni ya kutuliza tumbo tu, kipande kama pingili ya kidole kwa siku nzima. Ya mzazi ndiyo ya moto, ile inayotiwa kwenye uji wa pilipili manga ndani ya arobaini mpaka jasho likutoke. Huo usianze kuupika sasa kwa kuwa umeutamani.

Chagua iliyo changa, ganda jembamba, ukiivunja haina nyuzi nyingi. Iparuze, iponde kinuni ipasuke tu, mwagia maji yaliyochemka, funika kidogo, uchuje. Mumeo akuletee kitandani, unywe funda moja moja kabla hujainuka. Chai ya maziwa yenye tangawizi ni starehe, na mwenye kichefuchefu harufu ya maziwa humchafua.

Unga wa dukani usiutie kwa kukisia. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli, ile kemikali inayoipa ukali, hugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Matabibu wa jadi wa China huzihesabu mbichi na kavu kuwa dawa mbili, kila moja na maradhi yake. Tafiti nyingi zilizofanywa kwa wajawazito zimetumia unga wa gramu 1 hivi kwa siku, kama nusu kijiko cha chai, ukigawanywa mara kadhaa. Kichefuchefu kilipungua, kutapika hakukupungua sana. Hilo la kuharibu mimba kwa kipimo hicho hawakuliona, mwambie jirani yako.

Na usimsikilize anayesema ni mmea wetu wa asili. Umetoka Asia, kama mikarafuu na viungo vingi tunavyowaringia watalii kule kwenye mashamba ya Kizimbani. Lakini tumeuzoea, na Qur'ani imeutaja, Surat al-Insan aya ya 17, katika kinywaji cha watu wa Peponi.

Kiungulia kikikushika, iache. Kama umeandikiwa dawa ya kuzuia damu kuganda, usiinywe mpaka umuulize daktari. Na ukitapika hata maji hayakai, au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, hapo tangawizi haina kazi: nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje mpaka unipigie simu.

Binti wa mjomba wako anakuja na boti wiki hii, nimempa tangawizi ya shamba. Mumeo ampokee bandarini, kuna na mkungu wa ndizi.

Mama yako,
Wete