Kabla hujabadilisha ulimi wa hamonika

Ukianza kutengeneza hamonika (kinanda kidogo cha mdomo), wateja wako wa mwanzo watakuja na ombi lilelile: "Fundi, nibadilishie ulimi, tundu la nne halilii." Ulimi ni kipande chembamba cha chuma ndani ya hamonika, kinachotetemeka na kutoa noti. Usikimbilie nyundo. Tundu lililonyamaza ghafla mara nyingi lina uchafu tu: uzi uliotoka mfukoni, punje ya mkate, mate yaliyoganda. Ulimi uliochoka kweli hushuka sauti. Leo noti iko chini kidogo, mwenyewe anadhani ni masikio yake, baada ya siku kadhaa imeshuka tena, na sasa hata asiyejua muziki anakunja uso.

Na kabla ya kufungua chochote, mwambie mteja apige mbele yako, kisha upige wewe. Kila tundu lina noti ya kupuliza na noti ya kuvuta pumzi, na tundu la pili la kuvuta linasingiziwa kila siku. Wanaojifunza wanavuta kwa nguvu huku koo limebana, ulimi wa hamonika unagoma, wanasema hamonika mbovu. Hiyo huwezi kuitengeneza kwa bisibisi.

Sasa fungua. Bisibisi za fundi simu zinatosha kwa hamonika nyingi za kisasa kama Special 20 ya Hohner. Marine Band ya kawaida, nyingine ya Hohner, imepigwa misumari kwenye mbao, kwa hiyo mwanafunzi asianzie hapo. Hamonika ya matundu 10 ina ndimi 20 kwenye mabamba mawili ya shaba ya njano. Za kuvuta ziko nje ya bamba la chini, unaziona ukitoa tu kifuniko. Za kupuliza zimelala ndani, upande wa kitana (kiunzi cha katikati chenye matundu), na hutaziona mpaka bamba la juu litoke. Wanaoanza wengi huhangaika na ulimi ambao hauna kosa lolote.

Inua ncha ya ulimi taratibu kwa kijiti cha meno na uiachie, kama unavyogonga waya wa gitaa. Mzima huacha mlio mrefu kidogo, wenye ufa hutoa "tak" butu. Ufa wenyewe huwa karibu na ribiti, yaani pini inayoshika ulimi kwenye bamba, na kwa macho matupu mara nyingi huuoni. Ndiyo maana napima pia sauti kwa programu ya simu, inayohesabu kwa senti. Nusu toni ni senti 100. Ulimi ulioshuka senti 50 wenyewe, bila mtu kuuchezea, umekwisha. Ukiukwangua ncha ili upande, utapanda, na mteja atarudi. Kwa wapiga bluzi wanaokunja noti (kuishusha kwa pumzi) kwa nguvu, tazama kwanza tundu la nne na la tano la kuvuta.

Ukishajiridhisha, tafuta ulimi wa kupandikiza kutoka hamonika mbovu ya aina hiyohiyo, ufunguo huohuo wa muziki (kama C au G), tundu hilohilo. Ukikosa, ufunguo wa jirani unafaa kama urefu na upana vinalingana. Ribiti hutolewa kwa kugonga kutoka nyuma ya bamba. Chuma cha chini kiwe na tundu la kuipokea, na kibebe bamba karibu kabisa na ribiti, la sivyo shaba itapinda na hakuna ulimi utakaokaa sawa hapo tena. Mahali pa ribiti weka skrubu ndogo na nati yake.

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi huchoka. Ulimi unatakiwa kukaa katikati ya mwanya wake bila kugusa kingo, na nafasi ya kila upande ni nyembamba kuliko unywele. Inua bamba mbele ya taa. Utaona mistari miwili ya mwanga, kushoto na kulia kwa ulimi. Mmoja ukiwa mnene kuliko mwenzake, legeza skrubu kidogo, sukuma ulimi kwa kipande cha chuma chembamba (fila ya mafundi magari ya milimita 0.05 inafaa sana), kisha kaza. Tatizo ni kwamba skrubu ikizunguka huzungusha na ulimi, kwa hiyo ushikilie unapokaza, na urudi kwenye taa. Utarudi mara nyingi. Usikubali "karibu sawa": ulimi unaogusa ukingo utalia kama nzi ndani ya chupa.

Ncha iinuke juu ya bamba kiasi cha unene wake. Ikizidi, inakula pumzi, ikipungua, inakabwa ukivuta kwa nguvu.

Kurekebisha sauti ni kukwangua: karibu na ncha sauti hupanda, karibu na ribiti hushuka. Weka fila chini ya ulimi uupe mgongo, na kwangua kufuata urefu wake. Mkwaruzo wa kukatiza ndipo ufa mwingine unapoanzia. Vidole na msuguano huupasha moto, basi usubiri upoe kabla ya kupima, na upime hamonika ikiwa imefungwa. Kisha piga oktava, yaani noti ileile ya chini na ya juu pamoja: tundu la kwanza na la nne kwa kupuliza. Zikiyumba "wau-wau", bado. Iache ilale usiku mmoja, upime tena asubuhi, kwa sababu ulimi uliokwanguliwa hupenda kuhama kidogo.

Mabamba yaliyobaki usiyatupe. Yaandike ufunguo kwa kalamu ya wino usiofutika na uyahifadhi, maana baada ya muda ndiyo yatakuwa duka lako la vipuri.