Hilux iliyoinuliwa imelala upande mmoja nyuma: pima kwanza, jani la springi baadaye

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Hilux Vigo ya milango minne. Nimeiinua inchi 2: nyuma nimefunga springi mpya, mbele nimewekewa spesa juu ya shokapu. Tangu siku hiyo kona ya nyuma kulia iko chini kwa karibu sentimita 3 kuliko kushoto, hata gari likiwa tupu. Aliyenifungia anasema tuongeze jani moja kwenye springi ya kulia. Nikubali?

JIBU: Usikubali bado, ndugu yangu. Jani la ziada litanyanyua kona hiyo, lakini utabaki na springi mbili zenye ugumu tofauti kwenye ekseli moja. Siku utakayopakia saruji, upande wa kushoto utashuka zaidi na gari litalala upande wa pili. Na kilichosababisha tatizo kitabaki palepale. Tofauti ya milimita 5 hadi 10 kati ya kulia na kushoto ni ya kawaida, mimi huiacha. Sentimita 3 kwenye springi mpya ina sababu, na inatafutika.

Egesha gari kwenye sakafu tambarare, tairi zikiwa na upepo sawa, bila mzigo wala dereva. Lisukume mbele na nyuma kidogo, ulitikise ili springi zikae. Pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, kona zote nne. Ukipima kuanzia ardhini unaingiza tairi na sakafu kwenye hesabu. Pima pia kutoka juu ya ekseli hadi chesi, ile fremu ya chuma inayobeba bodi, kulia na kushoto. Chesi ikiwa sawa na bodi ndiyo imelala, springi hazihusiki: angalia bolti na raba za kufungia bodi. Andika na kiasi cha mafuta, kwa sababu tangi limekaa upande mmoja na lita 80 za dizeli zina uzito wa karibu kilo 67.

Sasa sehemu ambayo mafundi wengi huiruka: ulalo wa nyuma unaweza kutoka mbele. Chesi ni ngumu, kwa hiyo kona moja ya mbele ikishuka, nyuma nako kunafuata. Kwenye Vigo shokapu ya mbele imeshika katikati ya mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na chesi), si kwenye gurudumu, hivyo spesa iliyozidi kwa milimita 5 inaonekana kwenye gurudumu kama milimita 10 hivi. Spesa mbili zisizolingana, au koili (springi ya mbele ya kuzunguka) iliyokaa vibaya kwenye kiti chake, zinatosha kukuletea unachokiona.

Kulithibitisha hilo, weka kabari kwenye tairi za nyuma zisibiringike, kisha nyanyua mbele kwa jeki moja iliyokaa katikati kabisa ya chuma cha mtambuka wa chesi, hadi tairi za mbele ziache ardhi. Weka stendi kulia na kushoto, zikiwa na nafasi ndogo chini ya chesi bila kuigusa, na mtu yeyote asiingie chini ya gari. Gari likiwa limesimama hivyo, mbele haiwezi tena kulilaza. Pima nyuma. Kukiwa sawa, rudi kwenye spesa na koili. Kukiwa bado kumelala, tatizo liko nyuma.

Nikifika hapo naanza na bushi, zile raba zilizo kwenye ncha za springi. Springi hufungwa gari likiwa juu ya jeki, ekseli ikining'inia, na hapohapo watu hukaza bolti za shakeli (vyuma vinavyoshikilia ncha ya nyuma ya springi kwenye chesi) na ile ya jicho la mbele, yaani tundu la ncha ya mbele. Bushi za raba zinashikwa katika hali hiyo. Gari likishuka zinajikunja na kuisukuma bodi juu. Upande mmoja ukikazwa ukining'inia na mwingine ukakazwa chini, unapata ulalo kama wako, na raba zenyewe hupasuka mapema. Teremsha gari likae kwa tairi zake, legeza bolti hizo pande zote mbili, litikise vizuri, kisha kaza likiwa hapohapo chini. Mara nyingi kazi huishia hapa bila kununua kitu. Kama seti yako ina bushi za poliyurethini, dawa hii haisaidii sana. Hizo huzunguka zenyewe, cha muhimu zipakwe grisi.

Bila nafuu, angalia senta bolti, ile inayoshika majani ya springi pamoja katikati. Kichwa chake lazima kiingie kwenye tundu la kiti cha ekseli. Kikikaa pembeni, springi inalalia kichwa cha bolti na ekseli inasogea. Pima umbali kati ya habu ya mbele na ya nyuma pande zote mbili utalijua hilo. Angalia pia kama shakeli zina urefu sawa, na kama kuna ufa kwenye majani au kwenye chesi pale shakeli inaposhika.

Soma na alama za springi. Baadhi ya watengenezaji huuza jozi ambayo ya upande wa dereva iko juu kidogo. Seti iliyokusudiwa nchi za usukani wa kushoto, ikifungwa huku kwetu kwa kufuata kushoto na kulia tu, inakwenda kinyume. Kipimo cha mwisho ni kuzibadilisha: ya kulia ifungwe kushoto. Ulalo ukihama, springi ndiyo mbovu, irudishe dukani ubadilishiwe jozi nzima. Ukibaki kulia, kagua chesi. Ukizifungua springi, nunua yu-bolti mpya (zile zinazofunga springi kwenye ekseli), na uzikaze tena baada ya kilomita 500 hivi.

Jambo moja hukuliuliza, lakini ni la breki. Kama Vigo yako ina valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, kuinua gari kunaifanya valvu idhani halina mzigo, na breki za nyuma zinapungua nguvu. Mwambie fundi aishushe brakiti ya fimbo hiyo, au aipandishe, kulingana na ilivyofungwa, ili fimbo irudi kwenye pembe yake ya awali. Fanya hivyo kabla hujapakia mzigo.