Barua kwa mwanangu: kuhusu hukumu ya kunyongwa

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: mtu aliyemuua mtoto mdogo kwa makusudi akiachwa hai, ale na alale, haki ya yule aliye kaburini itakuwa wapi?

Hasira yako naielewa, na siilaumu. Wapo waliotenda unyama ambao hata mimi siuonei adhabu ya kutosha, na anayemhimiza mzazi aliyefiwa asamehe tu hajui asemalo. Lakini mahakama haimpati muuaji yule tunayemlaani mimi na wewe. Inampata mtu aliyekamatwa na polisi, kwa maneno ya mashahidi.

Mwaka 1950 huko London, Timothy Evans alinyongwa kwa kosa hilohilo, la kumuua binti yake mchanga. Shahidi mkuu wa upande wa mashtaka alikuwa John Christie, waliyekaa naye nyumba moja. Miaka mitatu baadaye ikagundulika maiti za wanawake zilikuwa zimefichwa katika nyumba ile, na Christie akakiri kwamba yeye ndiye aliyemuua mke wa Evans, mama wa mtoto huyo. Evans akapewa msamaha rasmi mwaka 1966. Msamaha, mwanangu, kwa marehemu! Mfiwa unayemtetea ndiye aliyetiwa kitanzi.

Nchini Japani, Iwao Hakamada alihukumiwa kifo mwaka 1968. Kule mfungwa huarifiwa asubuhi ya siku yenyewe ya kunyongwa, kwa hiyo kila kulipokucha hakujua kama jua litamzamia akiwa hai. Aliachiwa mwaka 2014, akili imeshaathirika, na mahakama ikamwona hana hatia mwaka 2024, akiwa na miaka 88. Mkuu wa polisi wa mkoa alimfuata nyumbani kumwomba radhi. Yeye angalau alikuwepo wa kuombwa.

Wanaosema kitanzi kinatia hofu, waitazame Kanada: iliifuta adhabu hiyo mwaka 1976, na kiwango cha mauaji hakikupanda, bali kilishuka katika miaka iliyofuata.

Najua utanijibu, "Na pale ambapo hakuna shaka hata chembe?" Hilo ndilo gumu kuliko yote. Ila waliomhukumu Evans nao waliridhika kwamba ni yeye. Mimi ningemfunga muuaji maisha, na nisingemlilia.

Ukiniandikia tena, niambie ni ushahidi gani ungekutosha, na kama ungekutosha pia mshtakiwa akiwa mdogo wako.

Mama yako