Mleta mada, weka chini hiyo panadol kwanza

Umeuliza vibanda vya paka wa sokoni kabla mvua hazijakolea, chakula, yule mwenye mimba, na hao wawili wenye mafua ulioambiwa uwasagie robo ya panadol kwenye dagaa. Mimi nimekwama hapo pa robo. Usiwape!

Desemba iliyopita, mvua zilipoanza, tulikuwa watu 5 tunalisha paka kama 12 kule Mikindani, nyuma ya mitumbwi. Watatu wakashikwa na mafua: macho yamegandana tongotongo, pua zinachuruzika, hata kichwa cha changu hawagusi. Nikaenda duka la dawa. Kijana wa kaunta, kwa kujiamini kama daktari bingwa, akaniambia, "Mpe robo, paka ni kama mtoto mchanga tu." Nikamshukuru, na chenji nikamwachia! Baiolojia nimesoma mpaka kidato cha nne, msiniulize nilipata ngapi.

Nikasaga, nikachanganya na mchuzi wa dagaa, nikaenda kulala nikijiona mwokozi wa wanyama. Alfajiri namkuta jike wetu wa kijivu, tulimwita Bi Kiroboto, uso umevimba kama kaumwa na nyuki, miguu ya mbele nayo imevimba, anahema mdomo wazi. Nikamfunua mdomo. Ufizi umekuwa wa kahawia, kama chai ya rangi iliyolala. Alifia kwenye bodaboda, ndani ya tenga mapajani mwangu, hatujafika mjini kwa daktari wa mifugo. Wa pili akafa mchana. Wa tatu aliwasusa wale dagaa, ndiyo pona yake. Huyo mafua yalimwisha kwa kufutwa pua kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kukaa pakavu, na kupewa samaki wa moto moto ili asikie harufu ale.

Daktari akanieleza, nami nikiwa natazama sakafu: ini la paka haliwezi kuichakata parasetamo, ndiyo dawa iliyomo kwenye panadol, kama letu. Inageuka sumu, damu inashindwa kubeba oksijeni. Kidonge ni miligramu 500, robo yake 125, na paka mwenyewe ana kilo 3. Mtoto mchanga, eti! Yule kijana hata uzito hakuuliza. Siku hizi nikifika pale navuka barabara, si kwa hasira, naogopa nitasema maneno nishindwe kuyarudisha.

Kwa hiyo dawa ya binadamu haiingii mdomoni mwa paka mpaka daktari wa mifugo aitamke mwenyewe. Si panadol, si diklofenaki, si vile vidonge vya mafua, maana vingi vina parasetamo humo humo. Akija mtu na "mimi wangu nilimpa akapona", mwache na bahati yake. Na kama umeshawapa, usingoje wavimbe. Wapeleke saa hii, useme umewapa nini, kiasi gani na saa ngapi. Dawa ya kuzima hiyo sumu ipo, ila inataka kuwahiwa.

Vibanda inua juu ya matofali, mlango usielekee upepo wa bahari, ndani tandika nyasi kavu. Gunia la korosho acha, likilowa halikauki. Mengine uliyouliza wadau watakujibu, mimi kichwa kimeshachemka.

Hao wawili, umeshawapa au bado?